VS Code Ikianza Kujikokota

Unaandika herufi, inachelewa kutokea. Unahifadhi faili, ujumbe unabaki pale chini ukikuambia kazi bado inaendelea. Unafungua mradi, feni ya laptopu inaanza kuvuma kabla hujagusa mstari hata mmoja. Wengi wakifika hapo huilaumu mashine: RAM ndogo, laptopu ya mtumba, prosesa imezeeka. Wengine huilaumu VS Code na kuhamia kihariri kingine, kisha kingine tena. Kabla hujapeleka hela yako kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue, fanya jaribio moja lisilogharimu chochote. Funga madirisha yote ya VS Code, fungua terminali ndani ya folda ya mradi wako, kisha andika:

code --disable-extensions .

Kihariri kitafunguka bila kiendelezi chochote ulichosakinisha mwenyewe. Hakuna kinachofutwa; ukikifungua tena kwa njia ya kawaida, vyote vitarudi kama ulivyoviacha. Sasa fanya kazi ileile iliyokuwa ikikukera, kwa muda wa kutosha kuona tofauti. Kama mambo yamekuwa mepesi, umeshapata jibu la kwanza: mzigo uko kwenye viendelezi, na mzigo huo unaweza kuushusha leo. Kama uzito uko palepale, tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye folda uliyoifungua, nami nitalifikia mbele.

Ninaloshikilia katika mwongozo huu ni moja: usifute kitu kwa kukisia. VS Code inakuja na vifaa vizuri vya kujipima yenyewe, na watumiaji wengi hawajawahi kuvifungua.

Ndani kuna nini

VS Code imejengwa juu ya Electron, yaani Chromium, injini ileile ya kivinjari cha Chrome, ikiwa imeunganishwa na Node.js. Electron ilizaliwa kutokana na kihariri cha Atom cha kampuni ya GitHub, na mwanzoni iliitwa Atom Shell. Kwenye Atom, programu-jalizi zilifanya kazi katika mchakato uleule uliochora dirisha na kupokea herufi zako. Moja ikizidiwa, mwandishi alihisi papo hapo kwenye vidole. Atom ilifungwa rasmi tarehe 15 Desemba 2022.

VS Code, iliyotangazwa na Microsoft Aprili 2015 na kufunguliwa kwa viendelezi Novemba mwaka huohuo, ilishika njia nyingine. Viendelezi vimewekwa katika mchakato wao, mbali na dirisha. Kwenye orodha za ndani utauona umeandikwa extensionHost. Ndiyo maana mara nyingi unaweza kuendelea kuandika hata pale ambapo mapendekezo ya msimbo yamekwama au mistari myekundu ya makosa inachelewa kuondoka.

Mpangilio huo una matokeo ambayo ni muhimu uyajue. Viendelezi vyote vya dirisha moja hugawana mchakato huo mmoja. Kimoja kikishika kazi nzito bila kupumua, vingine vyote vinasubiri foleni, hata vile visivyo na hatia yoyote. Unaweza kukilaumu kiendelezi cha kupanga msimbo kwa kuchelewa, kumbe kinasubiri zamu iliyoshikwa na jirani yake. Tena, kila dirisha lina extensionHost yake. Ukifungua miradi mitatu katika madirisha matatu, umewasha viendelezi vyako mara tatu. Kwenye mashine ya GB 4, kufunga dirisha la mradi wa jana usioutumia leo husaidia kuliko mipangilio mingi utakayosoma mtandaoni.

Kisha kuna seva za lugha. Kiendelezi cha Java, cha TypeScript au cha Rust hakifanyi kazi yake yote ndani ya extensionHost. Huanzisha programu nyingine pembeni, inayosoma mradi mzima, kuelewa kila jina limetangazwa wapi, na kujibu maswali ya kihariri. Utaratibu wa mazungumzo unaotumiwa na nyingi ya seva hizi, unaojulikana kwa kifupi kama LSP, ulitangazwa mwaka 2016, na leo unatumika katika vihariri vingi. Seva hizi ndizo mara nyingi zinazokula RAM kuliko kitu kingine.

Kwa hiyo idadi ya viendelezi pekee haikuambii mengi. Mtu mwenye viendelezi 40, ambavyo 25 ni mandhari za rangi, ikoni na vijisehemu vya msimbo, anaweza kuwa na kihariri chepesi kuliko mwenye vinne vinavyochambua mradi mzima kila anapobonyeza kitufe. Mandhari ya rangi haina msimbo wa kuendeshwa. Ni faili inayosema neno gani lipakwe rangi gani. Ukiondoa mandhari kumi kwa matumaini ya kupata kasi, utakuwa umesafisha orodha tu.

Kiendelezi huamka lini

Hili halizungumzwi vya kutosha, na ndilo linalotenganisha kiendelezi kilichoandikwa kwa adabu na kile kisichojali. Fungua folda ya .vscode/extensions iliyo ndani ya folda yako ya nyumbani. Kila kiendelezi kina folda yake, na humo kuna faili ya package.json. Tafuta sehemu ya activationEvents. Ukikuta onLanguage:php, maana yake kiendelezi hicho kimelala hadi utakapofungua faili ya PHP. Ukikuta workspaceContains pamoja na jina la pom.xml, kitaamka endapo mradi una faili hiyo, na VS Code italazimika kuitafuta kwanza. Ukikuta onStartupFinished, kitaamka kila mara, ila kinasubiri kihariri kimalize kufunguka. Ukikuta nyota peke yake, yaani *, kinaamka pale tu kihariri kinapofunguka, hata kama kazi yako ya leo haikihusu kabisa.

Tangu mwishoni mwa 2022 baadhi ya vichocheo hivi si lazima vitajwe, kwa sababu VS Code huvitambua yenyewe kutokana na amri na lugha ambazo kiendelezi kimezitangaza. Orodha fupi au tupu isikushangaze. Nyota, hata hivyo, haiwekwi bila mwandishi kuiandika kwa mkono wake, na ukiiona una haki ya kuuliza: unaniamshia nini asubuhi yote hii?

Pima kabla ya kukata

Bonyeza Ctrl+Shift+P, au Cmd+Shift+P kwenye Mac, andika "Developer: Show Running Extensions", kisha Enter. Utaona orodha ya viendelezi vilivyoamka katika dirisha hilo, kila kimoja na muda kilichotumia kuamka kwa milisekunde, na ukipitisha kipanya juu yake utaonyeshwa kilichokiamsha. Kilicholala hakimo.

Soma orodha hiyo kwa utulivu. Tuseme uko kwenye mradi wa Laravel. Kiendelezi cha PHP kimeandikiwa milisekunde 90, nacho kina sababu ya kuwepo. Cha Git kimeandikiwa 150, sawa. Halafu unakuta cha kuhesabu saa ulizofanya kazi, 1,200, kimeamshwa na nyota. Unakuta cha Python, 400, katika mradi usio na faili hata moja ya Python unayoihitaji. Kumbe kuna hati ndogo ya .py ndani ya folda ya zana, uliyoifungua kwa bahati mbaya. Hapo tayari una majina mawili ya kuanzia, bila kukisia.

Angalizo: muda wa kuamka unakuambia kuhusu mwanzo tu. Kiendelezi kinaweza kuamka kwa milisekunde 20 kisha kikakusumbua kutwa nzima. Kwa viendelezi vya namna hiyo kuna kipimo kingine. Nenda kwenye menyu ya Help, chagua "Open Process Explorer". Litafunguka dirisha dogo lenye jedwali: jina la mchakato, asilimia ya prosesa, kumbukumbu kwa MB, na namba ya mchakato. Liache wazi pembeni huku ukifanya kazi. Andika kidogo, hifadhi, badilisha tawi la Git, kisha utazame nani anaruka. Ukiona extensionHost inapanda hadi karibu asilimia 100 na kukaa hapo wakati wewe huandiki chochote, kuna kiendelezi kinachozunguka bila kazi. Ukiona chini yake mchakato wa seva ya lugha umeshika GB 2, umepata mla RAM wako. Ukiona fileWatcher, mchakato wa kufuatilia mabadiliko ya faili, ndiyo inayohangaika, tatizo ni folda. Mchakato uliokwama unaweza kuubofya kwa kitufe cha kulia na kuusimamisha, lakini ufanye hivyo ukijua unasimamisha nini.

Kwa uzito wa wakati wa kufungua peke yake, ipo amri ya "Developer: Startup Performance", inayotoa ripoti ndefu ya hatua za kuanza. Huhitaji kuielewa yote; angalia jedwali la viendelezi, basi.

Na kama unajua kabisa kuwa kiendelezi fulani ndicho chenye makosa ila hujui ni kipi, usianze kuzima kimoja kimoja. Andika "Help: Start Extension Bisect". VS Code itazima nusu ya viendelezi, ijifungue upya, na kukuuliza kama tatizo bado lipo. Ukijibu, inagawa tena kundi lililobaki, na tena, hadi kibaki kimoja. Mwenye viendelezi 32 huhitaji takriban raundi tano za kugawa. Mwenye 64, takriban sita. Njia hii inafaa kwa kila aina ya kero, si kasi peke yake: njia ya mkato ya kibodi iliyoacha kufanya kazi, rangi zilizovurugika, kielekezi kinachoruka. Naiona kuwa amri yenye thamani kubwa kuliko zote, na inasikitisha kuona mtu anasanidua kihariri kizima kwa kutoifahamu.

Kuchelewa kuhifadhi kuna sababu yake mahususi. Ukibonyeza Ctrl+S na kuona ujumbe kwamba kihariri kinasubiri kiendelezi fulani kipange msimbo au kirekebishe makosa, usome ujumbe huo, kwa sababu unamtaja mhusika kwa jina. Mara nyingi utakuta wapangaji wawili wamewashwa kwa lugha moja, kila mmoja akivuta upande wake. Chagua mmoja kwa kuweka editor.defaultFormatter, na uondoe kazi zisizo za lazima kwenye editor.codeActionsOnSave.

Vilivyopitwa na wakati

Kuna viendelezi ambavyo kila orodha ya "lazima uwe navyo" ya miaka iliyopita ilivitaja, na watu bado wanavisakinisha, wakati kazi yake imeshaingizwa ndani ya kihariri chenyewe.

Mfano bora ni wa mabano ya rangi. Kiendelezi cha Bracket Pair Colorizer kilikuwa na mamilioni ya watumiaji, na kilistahili: kilimwezesha mtu kuona bano hili linafungwa na lipi. Shida yake haikutokana na uzembe wa aliyekiandika. Kikiwa nje, kwenye extensionHost, kililazimika kuusoma msimbo upya kwa njia zake, kwa kuwa VS Code haikuvipa viendelezi uchambuzi wa maneno ilioufanya tayari. Kwenye faili ndefu, kubadilisha bano moja la juu kulimaanisha kupaka rangi upya hadi chini. Toleo la 1.60 la Agosti 2021 lilileta kazi hiyo ndani ya kiini cha kihariri, kwa muundo wa data wa mti unaosasisha kile tu kilichobadilika, na wahandisi wake wakaandika kuwa ni zaidi ya mara 10,000 kwa kasi. Mwaka uliofuata ikawashwa kwa kila mtu tangu mwanzo. Kama bado unacho kiendelezi kile, kisanidue leo bila majuto.

Vivyo hivyo kwa kubadilisha majina ya tagi za HTML mbili kwa pamoja: washa editor.linkedEditing. Kufunga tagi zenyewe, html.autoClosingTags, kumewashwa tayari. Mistari ya kuonyesha ujongezo iko ndani, na kusawazisha mipangilio kati ya kompyuta zako kumekuwa sehemu ya VS Code tangu 2020. Pitia orodha yako na kwa kila kimoja ujiulize kama kihariri hakijaianza kazi hiyo chenyewe.

Kila kazi na profaili yake

Baada ya kupima, mtu hujikuta na viendelezi vya haki kabisa ambavyo havihitajiki kila siku. Java ya mradi wa ofisini. Jupyter ya uchambuzi wa data wikendi. LaTeX ya tasnifu. Kuvisanidua na kuvirudisha kila wiki ni kazi ya kuchosha, na ni kuteketeza bando.

Njia ndogo ni kubofya kiendelezi katika orodha na kuchagua "Disable (Workspace)". Kitazimwa katika mradi huo pekee. Hii inatosha kwa mtu mwenye miradi miwili au mitatu.

Njia kubwa ni profaili, zilizoanza kupatikana kwa wote mwanzoni mwa 2023. Bofya gia iliyo chini kushoto, chagua Profiles, tengeneza mpya. Kila profaili ina viendelezi vyake, mipangilio yake, njia zake za mkato na vijisehemu vyake vya msimbo. VS Code hukumbuka folda gani ilifunguliwa na profaili ipi, kwa hiyo ukishaipanga mara moja hutaigusa tena. Kutoka kwenye terminali unaweza kuandika:

code --profile Wavuti .

Ushauri wangu ni kwamba profaili ya msingi ibaki karibu tupu: mandhari unayoipenda, Git, pengine kikagua tahajia. Kisha Wavuti iwe na PHP au TypeScript na mpangaji wake. Data iwe na Python na Jupyter. Kuna kiendelezi unachokitaka kila mahali? Kiwekee alama ya "Apply Extension to all Profiles". Tengeneza pia moja iliyo tupu kabisa kwa ajili ya kufundishia au kuwasilisha mbele za watu. Mwanafunzi anayejifunza mzunguko wa for hahitaji kuona visanduku saba vya mapendekezo vikishindana juu ya mstari wake.

Folda uliyoifungua

Nilisema nitarudi hapa. Kosa la kawaida mno, hasa kwa wanaoanza, ni kufungua folda iliyo juu ya mradi: Desktop nzima, Documents nzima, au folda ya nyumbani yenye kila kitu tangu ununue kompyuta. VS Code hujitahidi kufuatilia kila faili iliyo ndani ili ikibadilika ijue, viendelezi hutafuta pom.xml na package.json kila kona, na seva ya lugha hujaribu kuelewa miradi kumi isiyohusiana. Fungua folda ya mradi mmoja. Badiliko hili pekee limewatoa watu wengi kwenye shida waliyoidhani ya vifaa.

Ndani ya mradi wenyewe kuna folda zilizojaa faili ambazo hukuziandika: node_modules, vendor ya PHP, venv ya Python, target ya Rust na Java, dist na build. Utafutaji huziruka baadhi tangu mwanzo, node_modules ikiwemo, lakini nyingine ni juu yako. Fungua mipangilio ya mradi na uandike:

"files.watcherExclude": {
  "**/venv/**": true,
  "**/storage/logs/**": true
},
"search.exclude": {
  "**/venv/**": true,
  "**/dist/**": true
}

Mistari hiyo haifichi faili. Inaiambia VS Code isizifuatilie na isizipekue. Kwa miradi ya JavaScript, ongeza jsconfig.json yenye sehemu ya exclude ili seva ya lugha nayo isiingie huko. Ukiandika exclude yako, kumbuka kuitaja node_modules pia, kwa kuwa orodha yako inachukua nafasi ya ile ya awali.

Watumiaji wa Linux huenda wakakutana na onyo kwamba kihariri kimeshindwa kufuatilia mabadiliko kwa kuwa mradi ni mkubwa. Kiini cha Linux kina kikomo cha vitu vinavyoweza kufuatiliwa, na kwenye mifumo ya zamani kilikuwa 8,192. Kikomo hicho unakisoma kwenye /proc/sys/fs/inotify/max_user_watches, na unaweza kukipandisha hadi 524288 kupitia sysctl. Ila anza na kuondoa folda zisizo za lazima. Kila kinachofuatiliwa huchukua takriban baiti 1,080 za kumbukumbu kwenye mfumo wa biti 64, na nafasi hizo 524288 zikijaa zote ni karibu MB 540, jambo ambalo mwenye GB 4 hawezi kulipuuza.

Seva za lugha nazo zina vishikizo vyake. Kwa Java, java.server.launchMode ikiwekwa LightWeight hukupa makosa ya kisintaksia na muhtasari wa faili bila kujenga mradi mzima. Inafaa unaposoma msimbo wa mtu mwingine. Kwa Python, hakikisha python.analysis.diagnosticMode ni openFilesOnly, yaani ikague faili ulizozifungua. Kwa C na C++, kuna ghala la vichwa vya msimbo kwenye diski ambalo kikomo chake cha kawaida ni MB 5,120 kwa kila mradi. Mtu mwenye SSD ya GB 128 na miradi kadhaa anaweza kupoteza nafasi kubwa bila kujua imekwenda wapi; punguza C_Cpp.intelliSenseCacheSize hadi 500 au 1000. Visaidizi vya akili mnemba vinavyokamilisha msimbo visizidi kimoja kwa wakati mmoja, maana viwili hupeleka maombi mara mbili na mapendekezo yao hugongana.

Bando na masasisho

Vitabu vingi vya programu huandikwa na watu ambao intaneti kwao ni kama maji ya bomba. Anayenunua bando la siku anajua kuwa sasisho lililoanza lenyewe asubuhi linaweza kummalizia kifurushi kabla hajafungua barua pepe. Baadhi ya viendelezi, hasa vya Java na C++, vina makumi ya megabaiti, na hutoa matoleo mara kwa mara.

Weka extensions.autoUpdate kuwa onlyEnabledExtensions, ili vilivyozimwa visisasishwe, au false kama unataka kuamua mwenyewe siku ukiwa na Wi-Fi. VS Code yenyewe, update.mode iwe manual. Lakini usiache miezi ipite bila kusasisha. Marekebisho ya usalama huja humo humo.

Kwa darasa, kambi ya mafunzo au ofisi yenye mashine nyingi, pakueni mara moja. Kwenye orodha ya viendelezi, bofya kwa kulia na uchague "Download VSIX", weka faili kwenye flashi, kisha kwenye kila mashine:

code --install-extension jina-la-faili.vsix

Vile vyenye programu za ndani huwa na faili tofauti kwa Windows, Linux na Mac, basi pakua ya mfumo mtakaoutumia. Na kwenye mradi wa pamoja, faili ya .vscode/extensions.json yenye orodha ya recommendations itamwonyesha kila mgeni viendelezi vitatu au vinne anavyovihitaji kweli, badala ya kumwacha aokote ishirini mtandaoni.

Mgeni ndani ya nyumba

Kiendelezi ni programu ya mtu mwingine inayoendeshwa kwa ruhusa zako. Kinaweza kusoma faili yoyote unayoweza kuisoma wewe, kutuma data nje na kuanzisha programu nyingine. Workspace Trust, iliyoletwa mwaka 2021, inakukinga na folda usiyoiamini. Haikukingi na kiendelezi ulichokisakinisha kwa hiari. Kama ndani ya .env yako kuna funguo za Daraja, API ya M-Pesa, au nywila ya hifadhidata ya mteja, zimo ndani ya uwezo wa kila kiendelezi kilichoamka.

Kabla ya kusakinisha, soma jina la mchapishaji herufi kwa herufi, kwa kuwa wadanganyifu hupenda majina yanayofanana na ya vile maarufu. Angalia tarehe ya sasisho la mwisho, na kama kuna kiungo cha hazina ya msimbo kinachofunguka kweli. Mara moja moja andika code --list-extensions --show-versions, uhifadhi orodha hiyo, na kila jina ambalo huwezi kusema linakufanyia kazi gani, liondoe. Hapa kasi na usalama vinakutana.

Kwa wanaotumia Vim

Kanuni ni zilezile. vim --clean hufungua bila mipangilio yako, na vim --startuptime ikifuatwa na jina la faili huandika muda wa kila hatua ya kuanza, programu-jalizi kwa programu-jalizi. Ukiwa humo, andika :help uganda. Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kufariki mwaka 2023, alijitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, kisha kwa miaka yote iliyofuata aliwaomba watumiaji wake wawachangie watoto hao. Programu inayotumika dunia nzima imebeba jina la nchi jirani yetu kwenye ukurasa wake wa kwanza, na nafurahi kila ninapoliona.

Ukishampata mhusika

Usiishie kusanidua. Viendelezi vingi huandikwa na watu wanaojitolea usiku baada ya kazi, na hawana laptopu ya GB 4 ya kujaribia. Rudi kwenye "Developer: Show Running Extensions", bofya kitufe cha kuanza kurekodi utendaji wa extensionHost, fanya kazi inayokwama, simamisha, hifadhi faili. Kisha mbofye mhusika kwa kulia na uchague "Report Issue". Eleza kwa ustaarabu mashine yako, ukubwa wa mradi, ulichokuwa ukifanya, na uambatanishe rekodi hiyo baada ya kuhakikisha haina majina ya siri ya mradi wako. Ripoti yenye kipimo hushughulikiwa. Ile ya "inakwama sana" hufungwa. Na kama wewe ndiye unayeandika kiendelezi, kijaribu kwenye mashine dhaifu kuliko zote uliyonayo, na usiweke nyota kwenye activationEvents.